Kurekodi batri nyumbani: mwongozo kwa kwaya na vijana wa kanisa

Kwaya zetu nyingi hazisubiri tena pesa za studio ya mjini. Kijana mwenye kompyuta, kadi ya sauti na mikrofoni mbili tatu hugeuza chumba cha nyumbani kuwa studio. Sauti za waimbaji huingia bila taabu kubwa, gitaa na kinanda pia. Kazi hukwama kwenye batri, yaani ngoma za kisasa zinazopigwa na mtu mmoja kwa mikono na miguu.

Hapo wengi huangukia moja kati ya njia mbili. Wengine humweka kando kijana anayepiga kila Jumapili, wakawasha mdundo uliomo ndani ya kinanda. Wimbo unatoka, unapigwa redioni, na kijana aliyeufanyia mazoezi kwa miezi anausikia akiwa hayumo. Wengine huirekodi batri bila kujua namna, na wimbo unapotoka, matoazi yanafunika maneno. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili la pili. Nilirekodi kwaya ya vijana sebuleni kwangu, nikaridhika na kazi kwenye kaski, nikampelekea mama mmoja mzee wa kanisa. Aliusikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mchungaji, wanaimba juu ya nini?"

Swali lile ndilo kipimo cha mwongozo huu. Katika 1 Wakorintho 14, mistari ya 7 hadi 9, Paulo anataja filimbi, kinubi na tarumbeta ili kufundisha kwamba sauti isiyotofautishwa haimwambii msikilizaji kitu. Alikuwa akizungumzia lugha katika ibada, lakini mfano aliuazima kwa wapiga vyombo, na wapiga vyombo wana haki ya kuuchukua tena. Batri imerekodiwa vizuri pale inapowainua watu na maneno ya wimbo yakabaki wazi.

Sehemu za batri na kazi yake katika muziki wetu

Ngoma ya mguu ni ile kubwa iliyolala chini, inayopigwa kwa pedali. Kesikleri ni ngoma fupi iliyo kati ya magoti ya mpigaji, yenye nyuzi za chuma chini ya ngozi yake ya chini. Ndiyo inayotoa mlio mkali. Tomu ni ngoma za katikati, mbili au tatu. Charlestoni ni matoazi mawili yanayokutana kwenye mguu mmoja wa chuma, yakifunguliwa na kufungwa kwa pedali. Juu ya yote yanasimama matoazi makubwa.

Katika muziki wa Kongo batri haikai nyuma kuhesabu tu. Kundi la Zaïko Langa Langa lilianzishwa Kinshasa mwaka 1969, na mpigaji wake Meridjo Belobi ndiye anayetajwa sana kwa mdundo wa kavacha, ule unaokimbia kama magurudumu ya treni kwenye reli. Kwaya zetu zimeurithi mdundo huo: beti huimbwa kwa utulivu, kisha seben inafunguka, magitaa yanajibizana, na kesikleri inabeba watu wote.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu wa studio. Masomo mengi ya intaneti yametayarishwa kwa muziki wa roki, ambamo kesikleri hupigwa kwa nguvu kwenye pigo la pili na la nne, kisha inanyamaza. Kwetu, kesikleri na charlestoni hupigwa mfululizo, mapigo mengi madogo yakifuatana bila kupumzika. Ukiweka mwangwi mrefu unaopendeza kwenye roki, kavacha yako itakuwa uji. Kwa hiyo jifunzeni kwa wengine, lakini mpime kila shauri kwa muziki mnaoupiga.

Chumba

Mikrofoni hairekodi ngoma peke yake. Inarekodi ngoma ndani ya chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Mlio mzito wa ngoma ya mguu, tuseme wa masafa ya Hz 60, una wimbi la urefu wa karibu mita 5.7, refu kuliko vyumba vyetu vingi. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 huvimbisha sauti zilizo karibu na Hz 57. Ndiyo sababu katika chumba kidogo cha saruji ngoma ya mguu huvuma kupita kiasi mahali pamoja, na hatua mbili mbele inapotea.

Vijana wengi hubandika trei za mayai ukutani. Trei hizo ni nyepesi mno: hupunguza kidogo mlio wa juu, na uvumi wa chini unabaki palepale. Kinachosaidia ni vitu vinene na laini. Simamisheni magodoro kwenye kona, tundikeni mablanketi yaliyokunjwa mara mbili, acheni wazi kabati la nguo. Kabati la vitabu lenye vitabu vya ukubwa mbalimbali hutawanya sauti vizuri. Chini ya batri tandikeni zulia au mkeka mnene. Dari ikiwa fupi, tundikeni blanketi juu ya kichwa cha mpigaji, kwa sababu sauti inayogonga dari hurudi haraka kwenye mikrofoni za juu na kuharibu mlio wa matoazi.

Kabla ya kuchagua mahali, mpigaji na apige ngoma ya mguu taratibu huku mwenzake akizunguka chumbani. Kisha isogezeni batri, mrudie. Msiiweke kwenye kona, wala katikati kabisa ya chumba. Ikitazama upande mrefu wa chumba, mara nyingi hupumua vizuri zaidi.

Msisahau paa. Chini ya mabati, mvua hufuta siku nzima ya kazi. Kwa sisi wa Kivu, miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo salama zaidi. Mnaweza pia kutumia jengo la kanisa likiwa tupu. Ukumbi mkubwa huipa batri heshima katika nyimbo za polepole, lakini kwa seben mwangwi wake huzidi. Hapo sogezeni mikrofoni karibu na ngoma.

Kuiandaa batri

Hakuna programu inayoweza kuponya ngoma iliyolegea. Fungu hili ndilo linalorukwa zaidi, nalo halihitaji pesa nyingi.

Kazeni ngozi kwa skrubu zinazotazamana: ya kaskazini, kisha ya kusini, ya mashariki, kisha ya magharibi. Gongeni taratibu kwa kijiti, sentimita 2 au 3 kutoka kila skrubu, na mrekebishe mpaka sauti zifanane kuzunguka ngoma nzima. Ngozi ya juu huamua jinsi kijiti kinavyogonga; ya chini huamua ngoma italia kwa muda gani. Ngozi ya kesikleri iliyotoboka au yenye shimo la kupigwa katikati haifai kurekodiwa. Kama kwaya ina pesa ya kununua kitu kimoja tu, inunue ngozi mpya ya kesikleri kabla ya mikrofoni mpya.

Ndani ya ngoma ya mguu wekeni mto au blanketi inayogusa kidogo ngozi ya upande wa pedali. Mkiijaza yote, ngoma itakufa na kutoa sauti ya boksi la karatasi. Ikiwa kesikleri inalia kwa muda mrefu kama kengele, bandikeni kipande kidogo cha kitambaa ukingoni kwa utepe. Nyuzi zake zisikazwe mpaka zikanyongeka, na zisilegee mpaka zitetemeke kila gitaa la besi linapolia. Tieni mafuta pedali inayopiga kelele. Kazeni njugu zote. Mikrofoni husikia kila kitu ambacho masikio yetu yamezoea kukisamehe.

Mpigaji naye ni sehemu ya maandalizi. Mwombeni apige ngoma kwa uthabiti na matoazi kwa upole. Jumapili, katika jengo lililojaa watu, anapiga matoazi kwa nguvu zote ili asikike. Chumbani hilo halihitajiki. Mpigaji anayejua kupima mkono wake huokoa saa nyingi za kumiksi.

Mikrofoni na mahali pa kuziweka

Kuna aina mbili za kufahamu. Mikrofoni ya dinamiki ni ngumu, inavumilia kelele, na haihitaji umeme. Mikrofoni ya kondensa husikia mambo madogo zaidi, hasa ya juu, nayo huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti. Kwa kesikleri, Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, bado inatumika katika studio kubwa na ndogo. Ndugu yake SM58, ambayo makanisa mengi huitumia kwa waimbaji, inafanya kazi hiyo vilevile. Msione haya kuitumia.

Mkiwa na mikrofoni moja: iwekeni mbele ya batri, umbali wa mita 1 hadi 1.5, usawa wa kifua cha mpigaji, ikielekea kesikleri. Rekodini nusu dakika, sikilizeni, sogezeni. Ngoma ya mguu ikiwa dhaifu, ishusheni; matoazi yakizidi, ishusheni pia.

Mkiwa na mbili: moja kwenye ngoma ya mguu, nyingine juu, karibu na kichwa cha mpigaji, ikitazama kesikleri. Kwa kadi ya sauti yenye matundu mawili, ambayo ndiyo vijana wengi wanayo, mpangilio huu unatosha kutoa wimbo mzuri.

Mkiwa na nne: fuateni njia ya Glyn Johns, fundi wa sauti Mwingereza aliyerekodi makundi kama Rolling Stones na Led Zeppelin. Mikrofoni ya kwanza ikae juu ya kesikleri, karibu mita 1 au zaidi kidogo, ikitazama chini. Ya pili ikae upande wa tomu kubwa ya chini, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama kesikleri na charlestoni. Ya tatu ni ya ngoma ya mguu, na ya nne ni ya kesikleri. Siri ya njia hii ni kwamba zile mbili za kwanza ziwe na umbali ulio sawa kabisa kutoka katikati ya kesikleri. Chukueni kamba, mtu mmoja aishike katikati ya kesikleri, mwingine aivute mpaka mikrofoni ya kwanza, kisha aipeleke mpaka ya pili.

Mikrofoni ya kesikleri ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, ikitazama katikati ya ngozi, na mgongo wake uelekee charlestoni. Mikrofoni nyingi za aina hii husikia vizuri mbele na vibaya nyuma. Tumieni udhaifu huo kuizuia charlestoni isiingie. Kwenye ngoma ya mguu, ingizeni mikrofoni katika tundu la ngozi ya mbele. Ikikaribia ngozi inayopigwa, mtasikia zaidi kigongo cha pedali. Ikirudi nyuma, mtasikia zaidi uvumi.

Fazi, au kwa nini ngoma hupotea

Hapa ndipo wengi huanguka bila kujua wameanguka. Sauti ni msukumo wa hewa unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Pigo moja la kesikleri hufika kwenye mikrofoni ya karibu kwanza, kisha kwenye ile ya juu. Sentimita 34 ni kuchelewa kwa karibu milisekunde 1. Sauti hizo mbili zikichanganywa, moja inaweza kuwa inasukuma wakati nyingine inavuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma gari bovu, mmoja akiwa nyuma na mwingine mbele: wanatoka jasho, gari haliendi. Masafa mengine yanafutana, na ngoma nene inakuwa nyembamba kama kopo.

Dalili yake ni rahisi. Kila mikrofoni peke yake inasikika vizuri, lakini zikifunguliwa pamoja unene unapungua. Karibu kila programu ya kurekodi ina kitufe chenye alama ya Ø kinachogeuza msukumo kuwa mvuto. Wekeni wimbo katika mono, fungueni mikrofoni ya juu na ya ngoma ya mguu, bonyezeni kitufe hicho upande mmoja, kisha msikilize. Chagueni hali yenye unene zaidi chini. Rudieni kwa kesikleri. Mkiweka mikrofoni juu na chini ya kesikleri, ya chini karibu kila mara itahitaji kugeuzwa, kwa maana kijiti kinapoisukuma ngozi chini, mikrofoni ya juu inaona ngozi ikikimbia na ya chini inaiona ikija.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kurekodi, mikrofoni zikiwa bado zinaweza kusogezwa. Baadaye mtakuwa mnatibu. Sasa mnaweza kuzuia.

Siku ya kurekodi

Anzeni na rekodi ya mwongozo: gitaa na sauti ya mwimbaji mmoja, pamoja na metronomu. Mpigaji ataisikiliza kwenye kaski huku akipiga. Batri ikishakamilika, besi hufuata, kisha magitaa, kinanda na waimbaji. Seben zetu mara nyingi huongeza mwendo, na mpigaji akilazimishwa kubaki kwenye mwendo wa beti, wimbo unakufa. Amueni mapema ongezeko hilo na mliandike kwenye metronomu ya programu, ili mwendo ubadilike mahali mlipokubaliana.

Wekeni programu kwenye biti 24 na 48 kHz. Kwa viwango hivi, njia moja ya mono huchukua karibu MB 8.6 kwa dakika. Njia nne kwa wimbo wa dakika 5 ni karibu MB 173, na mkirudia mara sita mnapita GB 1. Hakikisheni nafasi ipo.

Viwango vya sauti vifike kati ya −12 na −6 dB kwenye mapigo makubwa. Kukiwa na biti 24, hakuna faida ya kujaza kipimo mpaka juu, na pigo likivuka 0 linapasuka na halitengenezeki. Kumbukeni kwamba kila mpigaji hupiga kwa nguvu zaidi taa nyekundu inapowaka kuliko wakati wa majaribio. Mwachieni nafasi.

Umeme una sheria zake. Kompyuta ya mkononi ifanye kazi kwa betri yake wakati wa kurekodi. Umeme ukikatika hampotezi kitu, na mara nyingi ule uvumi wa Hz 50 unaotoka ukutani hutoweka. Jenereta iwe mbali, nyuma ya ukuta mwingine. Hifadhini kazi baada ya kila wimbo.

Rekodini wimbo mzima mara tatu au nne, kisha mpumzike. Mchango bora wa mpigaji huja mara nyingi katika mara ya pili au ya tatu, kabla mikono haijachoka. Msimkemee mbele ya kwaya. Mtu aliyeaibishwa hupiga kwa woga, na woga husikika.

Kumiksi

Anzeni na viwango peke yake. Fungueni kwanza mikrofoni za juu, kwa maana ndizo zenye picha ya batri nzima. Ongezeni ngoma ya mguu mpaka isimame, kisha kesikleri mpaka iwe karibu. Ngoma ya mguu na kesikleri zibaki katikati. Za juu zifunguliwe kushoto na kulia kwa kiasi. Mkiona batri tayari inapendeza, msitafute kazi.

Halafu kirekebisha masafa. Tumbo la ngoma ya mguu liko karibu na Hz 60 hadi 80. Punguzeni kati ya 300 na 400, ambako mlio wa boksi hukaa. Kigongo cha pedali kiko kati ya kHz 3 na 5. Unene wa kesikleri uko kati ya Hz 150 na 250, na ukali wake karibu na kHz 5. Kama inalia kengele, tafuteni mahali pamoja kati ya Hz 400 na 1000 mpunguze hapo tu. Kwenye mikrofoni za juu kateni chini ya Hz 100 kama kuna mikrofoni nyingine za ngoma. Mkiwa na mikrofoni moja au mbili tu, msikate, kwa sababu tomu zinaishi humo.

Kompresa hupunguza mapigo makubwa ili madogo yasikike. Kwa kesikleri anzeni na uwiano wa 4:1. Ichelewesheni kuanza kwa milisekunde 10 hadi 20, ili ncha ya pigo ipite kabla haijashikwa, na iachilie ndani ya milisekunde 100 hivi. Kwa kavacha, muda wa kuachilia ukiwa mrefu, kompresa haipumui kati ya mapigo na yote yanakuwa bapa. Ipunguze dB 3 hadi 6, isizidi. Geti, kifaa kinachofunga mikrofoni pasipo na pigo, inasaidia kwenye tomu. Kwenye kesikleri ya muziki wetu msiiweke, kwa maana itakula mapigo madogo yote yanayoubeba mdundo.

Mwangwi uwe mfupi: chini ya sekunde 1 kwa kesikleri, na karibu hakuna kabisa kwa ngoma ya mguu. Waimbaji ndio watakaopewa mwangwi mrefu. Vyote viwili vikiwa na mwangwi mrefu, hakuna aliye karibu na msikilizaji.

Sasa tunafika kwenye swali la yule mama. Maneno ya Kiswahili hutambulika kwa vokali zake, lakini konsonanti ndizo zinazotofautisha "sema" na "tema", "shika" na "pika". Konsonanti hizo, s, sh, ch, t, k, zina sehemu kubwa ya nguvu zake kati ya kHz 2 na 8. Charlestoni, matoazi na ukali wa kesikleri vinakaa hapohapo. Kuongeza sauti ya waimbaji juu ya matoazi makali ni kuwaongezea watu kelele mbili badala ya moja. Fanyeni hivi: katika beti, shusheni mikrofoni za juu kwa dB 2 au 3, na mpunguze kidogo kati ya kHz 3 na 5 kwenye hizo hizo. Seben ikifunguka, zirudisheni juu. Msikilizaji hataona mkono wenu. Atahisi tu kwamba wimbo umefunguka, na kabla ya hapo alikuwa ameelewa unaimba nini.

Kosa langu lilikuwa hilo. Nilikuwa nimemiksi batri peke yake kwa jioni mbili, nikaipenda, kisha nikawaweka waimbaji juu yake. Tangu siku ile huwa nawafungua waimbaji mapema, hata kama rekodi yao ni ya mwongozo tu, na kuiweka batri chini yao.

Kusikiliza kabla ya kutoa

Washirika wengi wataupokea wimbo kwenye simu. Spika ndogo ya simu haitoi karibu chochote cha zile Hz 60 mlizozihangaikia. Kwenye simu, ngoma ya mguu husikika kwa kigongo chake cha juu. Kama mlikiondoa, wimbo utabaki bila miguu. Sikilizeni kwa simu, kwa redio ya nyumbani, kwa gari, na kwa spika za kanisa. Sikilizeni pia kwa sauti ya chini sana: kinachobaki kikisikika ndicho kinachoongoza wimbo. Kikiwa ni charlestoni, rudini kazini.

Kiwango cha mwisho kisifikishwe ukutani. Pigo kubwa libaki −1 dB, na wastani wa karibu −14 LUFS unatosha, kwa maana mitandao mikubwa ya muziki hushusha yenyewe nyimbo zilizopandishwa kupita hapo.

Kisha mpeni wimbo mtu asiyeimba kwaya, asiyeyajua maneno. Asikilize mara moja. Mwombeni awaeleze beti la pili linasema nini. Akiweza, kazi imekwisha.

Masikio, majirani na kumbukumbu

Batri chumbani hupita kwa urahisi desibeli 100 kwenye masikio ya mpigaji. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, lakini 100 kwa dakika 15 tu kwa siku. Mpigaji avae kaski zinazofunga masikio au vizibo. Mlio unaobaki masikioni baada ya mazoezi ni onyo. Uwezo wa kusikia ukipotea kwa kelele haurudi.

Majirani waambiwe mapema siku na saa, na kazi ikome kabla ya giza. Kwaya inayorekodi wimbo wa upendo huku ikimnyima mgonjwa wa jirani usingizi imeshaharibu wimbo wake.

Mwisho, hifadhini kazi mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nakala moja katika nyumba nyingine. Vifaa huibwa, huungua, na wakati mwingine familia inalazimika kuondoka ghafla na mzigo mdogo tu mkononi. Sauti za watu waliotangulia mbele za Bwana zimepotea katika makanisa yetu kwa sababu zilikuwa kwenye flashi moja.

Na pamoja na sauti, hifadhini majina. 1 Mambo ya Nyakati 15:19 inawataja Hemani, Asafu na Ethani kuwa waliwekwa kupiga matoazi ya shaba wakati sanduku la agano lilipopandishwa Yerusalemu. Mwandishi hakuona kwamba wapiga matoazi ni wadogo mno kuandikwa. Basi mnapoutoa wimbo, baada ya jina la kwaya na la mtunzi, andikeni pia jina la yule kijana wa batri.